Shusha Gunia

Miaka kumi na mmoja nimebeba korosho
ghala la Mtanda, Lindi, mnada hadi mnada,
na mwezi wa sita ufuta, uvujao kama maji
ukakukuta kitandani, ndani ya sikio.
Waliniita Mawili,
kwa kuwa siku moja, kwa ubishi na soda ya bure,
nilipanda ubao wa lori na magunia mawili.

Mgongo haukuusahau ubishi ule.
Novemba, mnada wa tatu, nilitua chini
kama kitu kilichokatwa kamba.
Hospitali ya mkoa wakanipa vidonge vya rangi mbili
na karatasi: asibebe.
Asibebe! Na ale nini?

Aliyeniokoa hakukusudia kuokoa mtu.
Nirmala, wa duka la vitambaa,
alitaka kuli wa kumhamishia kabati.
Nikamwonyesha karatasi.
Akanitazama kiunoni, si usoni.
"Pumua," akasema. Nikapumua.
"Hapo umeiba hewa tu. Pumua."

Hivyo nilianza yoga, stoo ya nyuma, juu ya mkeka,
kati ya majora yasiyouzika,
paja likitetemeka kama ngozi ya ng'ombe afukuzaye nzi.
Wiki ya saba niliinama kufunga kamba ya kiatu
nikabaki kule chini, kamba mkononi,
nikilia, mwanamume mzima,
kwa sababu ya kiatu.

"Nifundishe kufundisha," nikamwambia.
Akataja ada. Nikacheka. Yeye hakucheka.
Tukapatana: nitafagia, nitafungua duka, miezi tisa.
Nikasoma pingili za uti wa mgongo, moja moja,
nikizihesabu kama magunia ya kwenye tiketi.
Mama akaja kutoka Ng'apa na ming'oko kwenye kikapu.
"Hiyo ni dini?"
Si dini, mama.
"Ngoma?"
Si ngoma.
"Unalipwa?"
Nikanyamaza.
"Kula," akasema, "kabla haijapoa."

Mtihani wa kwanza nilianguka.
Nilisema kila kitu sawasawa, kwa sauti yake,
hata kikohozi chake nilikiweka mahali pake.
"Nirmala mmoja anaitosha Lindi,"
akasema, akazima taa.

Msimu ukarudi. Nikapita ghalani kusalimu tu.
Chilumba, aliyerithi zamu yangu,
kakaa juu ya mzani, mkono kiunoni,
uso rangi ya majivu, sindano ya kilo ikimcheza.
Sikufikiri. Nilimlaza juu ya magunia matupu,
nikaweka kiganja chini ya mbavu.
Maneno ya Nirmala hayakuja.
Yakaja ya kwetu:

Shusha gunia.
Si lote. La bega la kulia kwanza.
Sasa la taya. Nani kakutwika gunia la taya?
Shusha.

Nikausikia mgongo wake ukirefuka,
kama springi za lori linapopakuliwa,
moja baada ya nyingine,
zikikumbuka kimo chake.
Sikuona nuru, sikusikia sauti.
Nilijua tu, kama mpimaji anapochomoa bambo
akazitazama korosho kiganjani:
imekauka, daraja la kwanza, pitisha.

Sasa kila Jumamosi, kabla mizani haijafunguliwa,
tuko tisa, mashati kwenye misumari.
Kusimama kwa mguu mmoja tunakuita Mzani.
Kule kulala chali mwishoni, Gunia Tupu;
wawili hukoroma, nawaacha.
Wapitao dirishani hupiga kelele:
"Sindimba isiyo na ngoma!"
Nasi tunacheka, na kicheko nacho ni pumzi.

Nirmala alikuja mara moja,
akasimama mlangoni, akanisahihisha goti, akaondoka.
Cheti kakiandika mwenyewe, kalamu ya risiti,
jina langu kalikosea herufi moja.
Sijamwambia.
Chilumba hufika wa kwanza, bado mgumu kama mlango,
akitandika gunia lake karibu na langu.
"Mwalimu Mawili," huuliza,
"leo tunashusha nini?"